Zilipendwa za intaneti: picha zimebaki, mtaa umekwenda wapi?

Chukua GIF yoyote inayojirudia bila kukoma, ile ya paka au ya mtu anayezungusha macho uliyotumiwa leo asubuhi, kisha ifungue kwa programu ya kusomea maandishi ghafi badala ya programu ya picha. Utaona takataka za herufi, mstari baada ya mstari. Lakini karibu na mwanzo, katikati ya takataka hizo, mara nyingi sana utakuta neno linalosomeka vizuri kabisa: NETSCAPE2.0.

Netscape kilikuwa kivinjari. Kama ulizaliwa baada ya mwaka 2000 huenda hujawahi kukiona, maana kampuni iliyokimiliki iliacha kukihudumia mwaka 2008. Muundo wa GIF wenyewe ni wa zamani zaidi. Ulitolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987, kazi ya mhandisi Steve Wilhite na wenzake, ili picha za rangi ziweze kupita kwenye laini za simu zilizokuwa zikienda mwendo wa kobe. Rangi zisizozidi 256, basi. Faili moja iliweza kubeba picha kadhaa za kufuatana, ila hakukuwa na njia ya kuiambia "ukifika mwisho, rudi mwanzo". Watu wa Netscape ndio walioongeza agizo hilo katika toleo la pili la kivinjari chao, katikati ya miaka ya 1990, wakalipa jina lao. Vivinjari vingine vikaiga. Kivinjari kimekufa, jina linaendelea kuzunguka dunia ndani ya vichekesho, na anayevituma hana habari.

Nimeanza na faili hiyo kwa makusudi. Siku hizi mimu za mwanzo za intaneti (tuziandike hivyo, mimu, kama tunavyozitamka) zimekuwa zilipendwa, kama zile nyimbo za bendi ambazo redio zetu hupiga Jumapili mchana. Mtoto anayecheza, hamsta wanaocheza, maneno ya Kiingereza kibovu kutoka kwenye gemu ya Kijapani: watu wanazitafuta, wanazisambaza upya, wanaandika chini yake "enzi zetu hizo". Na picha zenyewe zipo. Ukizitafuta sasa hivi utazipata kabla chai haijapoa. Ninachotaka kusema ni kwamba kupatikana huko kunatudanganya. Kilichopotea, na kinachoendelea kupotea kwa kasi zaidi upande wetu wa Afrika Mashariki, ni vile vyote vilivyoizunguka picha: ilikaa wapi, ilimjibu nani, ilipita mikono gani, na watu walicheka nini hasa.

Ugonjwa wa mahali

Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Uswisi, aitwaye Johannes Hofer, aliandika tasnifu kuhusu ugonjwa aliouundia jina yeye mwenyewe. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na jingine la maumivu, akapata nostaljia. (Tasnifu inayoipa dunia neno jipya! Ndoto ya kila mwanafunzi wa uzamili.) Wagonjwa wake walikuwa Waswisi walioishi mbali na kwao, na dalili zilikuwa za mwili kabisa: usingizi haba, kukosa hamu ya kula, kudhoofika. Dawa ilikuwa moja, mrudishe kwao. Baadaye sana ndipo neno lilipohama kutoka mahali kwenda wakati, na wakati hauna basi la kurudia.

Neno mimu nalo lilihama. Mwanabiolojia Richard Dawkins alilibuni mwaka 1976 katika kitabu chake The Selfish Gene, akimaanisha kitu chochote cha utamaduni kinachojinakili kutoka kichwa hadi kichwa: wimbo, mtindo wa nguo, namna ya kufinyanga vyungu. Mwaka 1994 mwanasheria Mike Godwin alilitumia katika jarida la Wired kuzungumzia mambo yanavyoenea mtandaoni, na taratibu maana ya vichekesho ikameza ile ya kwanza. Mtafiti Limor Shifman, katika kitabu cha mwaka 2014, alitoa ufafanuzi ambao naupenda kuliko yote: mimu ya intaneti ni kundi la vitu vinavyofanana sura, ujumbe au msimamo, vilivyotengenezwa na watu wengi ambao kila mmoja anajua kuwa wengine nao wanatengeneza. Kundi. Picha moja iliyo peke yake haijawa mimu bado, ni picha tu.

Sisi watu wa pwani tusijifanye jambo hili ni geni. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mji unaweza kubaki uleule na jina likabadilika. Jina lilelile linaweza kumpiga kijembe jirani leo na kumsifu mama mkwe kesho, kutegemea nani kaivaa na kapita mlango wa nani. Makumbusho yanaweza kuihifadhi kanga vizuri sana, ikalazwa kwenye droo isiyo na mwanga. Kile kijembe hakiingii kwenye droo. Hata hivyo kanga ina afadhali moja. Zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zina alama yake, "Mali ya Abdulla", imechapwa palepale kwenye kitambaa, kwa hiyo mtunzaji ana pa kuanzia. Mimu haina mali ya mtu yeyote. Kila anayeipitisha anaikata pembeni, na cha kwanza kukatwa ni jina la aliyeitengeneza.

Mtoto, hamsta, na nyumba namba fulani

Yule mtoto wa kompyuta anayecheza alizaliwa mwaka 1996 kama faili ya mfano. Programu moja ya kuchora miili inayotembea ilihitaji vielelezo vya kumwonyesha mnunuzi inavyofanya kazi, na mtoto aliyevaa nepi akawa mmojawapo. Wafanyakazi wa kampuni za michoro wakaanza kutumiana kwa barua pepe, kisha ofisi nyingine, kisha dunia. Mwanzoni mwa 1998 akatokea kwenye tamthilia ya televisheni ya Marekani, Ally McBeal, kama njozi ya mhusika mkuu, na hapo hata wasiokuwa na kompyuta wakamjua.

Hebu tupige hesabu ndogo ili tuone maana ya kumtuma mwenzio kitu kama hicho wakati ule. Modemu ya kawaida ilipitisha biti 28,800 kwa sekunde, yaani baiti 3,600. Faili ya megabaiti moja ingekula karibu dakika tano, simu ya nyumbani ikiwa imekaliwa na gharama ikihesabiwa. Mtu hakukutumia kichekesho kwa kupitisha kidole. Alikusubirisha, nawe ukasubiri. Mimi nadhani sehemu kubwa ya utamu ambao watu waliokuwepo wanauhadithia ilitoka kwenye kusubiri huko. Sasa angalia kilichohifadhiwa: faili ipo, kipande cha tamthilia kipo. Barua pepe zenyewe, zile elfu na elfu zilizombeba na mistari miwili mitatu ya "mwangalie huyu", hazimo katika hifadhi yoyote ya umma. Zilikuwa kwenye seva za kampuni na zikafutwa nafasi ilipojaa. Tunajua kwamba alienea. Njia aliyopita imefutika.

Hamsta wana kisa chenye mafunzo zaidi. Mwaka 1998 Deidre LaCarte, mwanafunzi wa sanaa huko British Columbia, Kanada, alikuwa akishindana na rafiki yake na dada yake nani atapata wageni wengi kwenye ukurasa wake. Akachukua GIF nne za vijipanya hivyo vya kufugwa, akazipanga safu kwa safu mpaka zikajaza skrini, chini yake akaweka kipande kifupi cha wimbo wa Roger Miller kutoka filamu ya Disney ya Robin Hood ya 1973, kikiwa kimeharakishwa mpaka sauti ikawa ya kitoto. Ndiyo hivyo tu. Kwa miezi kadhaa ukurasa ulipata wageni wanne hivi kwa siku. Mwanzoni mwa 1999, ghafla, wakawa maelfu kila siku.

Ukurasa huo ulikuwa GeoCities, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu GeoCities ilikuwa na mitaa. Huduma ilianzishwa mwaka 1994 na ilikupa nafasi ya bure ya kujenga ukurasa, lakini kwanza ilibidi uchague mtaa. Mambo ya familia yalikuwa Heartland, muziki SunsetStrip, hadithi za kisayansi Area51, kisha ukapewa nyumba yenye namba. Hamsta wa LaCarte walikuwa wakazi wa Heartland. Anwani yao haikuwa mfuatano wa herufi usio na maana. Ilikuambia majirani zao ni nani. Walicheza katikati ya kurasa za picha za harusi, mapishi ya bibi na mbwa wa watu, na mgeni aliyetoka kwao aliweza kubisha hodi nyumba ya pili.

Yahoo waliinunua GeoCities Januari 1999 kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.5, bei ya wazimu wa miaka ile. Miaka kumi baadaye wakatangaza kwamba wanaifunga, na tarehe 26 Oktoba 2009 wakaifunga. Mamilioni ya kurasa.

Waliokimbilia kuokoa hawakuwa maktaba ya taifa lolote. Kundi la watu wa kujitolea waliojiita Archive Team, wakiongozwa na Jason Scott, waliwasha kompyuta zao majumbani na kuanza kupakua usiku na mchana kabla mlango haujafungwa. Internet Archive nao walikusanya upande wao. Mwaka mmoja baadaye Archive Team walitoa walichokipata kama torenti moja kubwa, zaidi ya gigabaiti 600 zikiwa zimebanwa, mtu yeyote achukue. Hapa lazima niipe nostaljia haki yake: bila hamu ya watu waliokulia mle ndani, tusingekuwa na kitu. Wenye mamlaka ya kuhifadhi hawakuwa wamepaona mahali pale kuwa ni mahali.

Wasanii Olia Lialina na Dragan Espenschied waliipakua torenti hiyo, na walichofanya nayo ndicho kinachonivutia kuliko kisa kizima. Hawakuchambua zilizo nzuri. Walizifungua kurasa kwa kivinjari cha Netscape kikiendeshwa ndani ya mazingira ya kompyuta ya zamani, wakazipiga skrinshoti, na kuanzia 2013 programu yao ikawa inaziweka hadharani moja kila baada ya dakika ishirini, kwa zamu, bila kujali kama inapendeza. Kwa hiyo ukiangalia unaona vitu ambavyo hakuna kipindi cha zilipendwa kingevipiga: kibao cha "ukurasa unajengwa" chenye mchoro wa fundi na koleo, na chini yake hapana kitu, mwenye nyumba hakurudi tena. Ukurasa baada ya ukurasa. Mimu maarufu zilikuwa punje chache katika gunia hili, na ukiwa umeona gunia ndipo unaelewa kwa nini hamsta wanaocheza walionekana maajabu.

Roboti inavyokusanya, na isichokiona

Pengine unajiuliza kwani Internet Archive hawana kila kitu? Wana vingi mno. Brewster Kahle aliianzisha mwaka 1996 huko San Francisco, na tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuandika anwani ya ukurasa kwenye Wayback Machine na kuuona ulivyokuwa. Nakala ya mkusanyiko wa 1996 hadi 2001 ilipelekwa Afrika pia, kwenye Maktaba mpya ya Alexandria, Misri, iliyofunguliwa 2002.

Kazi yenyewe hufanywa na roboti, yaani programu inayopewa orodha ya anwani za kuanzia. Inafungua ukurasa, inauhifadhi, inaokota viungo vyote vilivyomo, inavifuata, inaendelea. Kinachopatikana hufungwa kwenye mafaili ya aina iitwayo WARC, ambamo pamoja na ukurasa huandikwa ulichukuliwa lini, kutoka anwani gani, na seva ilijibu nini. Ni kama bahasha iliyotunzwa pamoja na barua na muhuri wa posta. Ukihifadhi picha kwa kubonyeza "hifadhi picha" kwenye simu yako, umetunza barua na kuitupa bahasha.

Roboti ina mipaka yake. Haifuati njia isiyo na kiungo, haina nywila, na inapita mara moja kisha inaondoka, labda irudi baada ya miezi. Na hata ikichukua kila kitu, faili inaweza kukataa kuamka. Mfano mzuri ni ile mimu ya mwaka 2001 iliyotokana na gemu ya Zero Wing. Tafsiri ya Kiingereza ya toleo la Mega Drive lililouzwa Ulaya ilikuwa mbovu kiasi cha kuchekesha, na sentensi yake moja, All Your Base Are Belong to Us, ilibandikwa na watu kwenye picha za mabango ya barabarani, majengo na makopo. Picha hizo zikaunganishwa kuwa filamu fupi yenye muziki, iliyotengenezwa kwa Flash. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe waliacha kuihudumia Flash, na siku chache baadaye programu yao ikaanza kukataa yenyewe kuonyesha chochote. Faili ziko salama, zimekufa.

Kuna dawa mbili kwa ugonjwa huo. Moja ni kuhamisha: unaigeuza filamu kuwa video ya kawaida. Inaonekana, lakini kama ilikuwa na kitufe cha kubonyeza, kitufe kimebaki mchoro. Nyingine ni kuiga: unaandika programu mpya inayojifanya ni ile iliyokufa, ili faili ya zamani isijue kwamba dunia imebadilika. Ruffle ni programu ya namna hiyo, na Internet Archive waliiweka kwenye tovuti yao Novemba 2020, wiki chache kabla ya maziko. Kuiga ni kazi ngumu, ina gharama, na haimaliziki kwa sababu programu inayoiga nayo inategemea vivinjari vya leo. Lakini kwa mimu ndiyo njia yenye heshima.

Maktaba kubwa zilichelewa kuja, ila zilikuja. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza mwaka 2014 kukusanya utamaduni wa wavuti na kuufungua kwa umma 2017: Urban Dictionary, kamusi ya mimu ya Know Your Meme, hata Biblia iliyotafsiriwa na watu wa kujitolea kwa "lugha ya paka". Walichagua tovuti nzima badala ya kuokota picha bora mojamoja, na nadhani walifanya sawa. Kutoka tovuti ya kutengenezea mimu walitoa pia jedwali la mimu takriban 57,000, kila moja ikiwa na kiolezo chake na maneno yaliyoandikwa juu yake. Mtu aliyezoea kanga atalielewa jedwali hilo mara moja: mji safu hii, jina safu ile.

Makmende yuko Washington

Sasa twende Nairobi, Machi 2010. Kundi la muziki la Just A Band lilitoa video ya wimbo wao Ha-He, na ndani yake shujaa mwenye afro na miwani, kama aliyetoka kwenye filamu za ngumi za miaka ya 1970, anawashughulikia wahuni mmoja baada ya mwingine. Jina lake Makmende. Waliokulia Nairobi miaka ya 1990 walicheka kabla hata ya kuona ngumi, kwa sababu jina walilijua tangu utotoni. Ndivyo ulivyoulizwa ukijifanya mbabe mtaani: unadhani wewe ni Makmende? Asili yake ni maneno ya Clint Eastwood katika filamu ya 1983, yale ya kumwambia jambazi aithubutu siku yake, yakatafunwa na masikio ya watoto wa Sheng mpaka yakawa jina la mtu.

Ndani ya siku chache Wakenya waliijaza Twitter na Facebook kwa sifa za Makmende, kila moja ikiizidi iliyotangulia, pamoja na majalada bandia ya majarida yenye sura yake. Makala yake kwenye Wikipedia ya Kiingereza ilifutwa zaidi ya mara moja kabla ya kukubaliwa, wahariri wa mbali wakidhani ni mchezo wa watoto. Vyombo vya habari vya Marekani vikaandika kwamba Kenya imepata mimu yake ya kwanza ya intaneti. Wakati wake haukuwa wa bahati nasibu. Nyaya za chini ya bahari zilikuwa zimefika pwani yetu mwaka uliotangulia, SEACOM na TEAMS, na kabla ya hapo tulitegemea setilaiti. Kutazama video nzima kwenye mkahawa wa intaneti bila kuhesabu dakika lilikuwa jambo jipya.

Leo video ipo, na makala ya Wikipedia ipo. Ufafanuzi wa Shifman unasema mimu ni kundi, na kundi hapa ni zile sifa zilizoandikwa na watu, zenye kuitikiana kama mashindano ya mashairi kwenye harusi. Ziko wapi? Jibu ni la ajabu kidogo. Aprili 2010, mwezi mmoja baada ya Makmende kurudi, Twitter na Maktaba ya Bunge la Marekani walitangaza kwamba twiti zote za wazi tangu 2006 zitahifadhiwa Washington. Mpango huo uliendelea hadi tarehe 31 Desemba 2017. Baada ya hapo maktaba ikaanza kuchagua chache tu. Ilipotangaza mabadiliko hayo ilieleza kwamba ilichopokea ni maandishi peke yake, bila picha wala video, na kwamba mkusanyiko utabaki umefungwa hadi ipatikane njia ya gharama nafuu ya kuwaruhusu watu kuutumia.

Kwa hiyo sifa za Makmende, zile ambazo wenyewe hawakuzifuta, zimo katika hifadhi ya nchi nyingine, bila majalada yake bandia, na mwanafunzi wa Nairobi au Dodoma anayetaka kuziandikia tasnifu hawezi kuzisoma. Hilo linaniuma kuliko kufungwa kwa GeoCities. GeoCities ilikuwa na watu wa kwao wenye hamu, diski za kutosha na intaneti ya haraka. Hamu tunayo pia sisi. Diski na intaneti ya haraka mwaka 2010 hatukuwa nazo, na ndiyo maana zilipendwa za intaneti duniani zinasikika kama historia ya Kanada na Marekani.

Tuliko sasa

Makmende angalau alitokea mahali palipo wazi. Mimu nyingi za Kiswahili leo zinaishi kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako hakuna anwani, hakuna kiungo cha kufuata, na tangu 2016 ujumbe umefungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ukiwa njiani. Kwa usiri wetu ni jambo zuri sana. Kwa roboti ya kuhifadhi ni ukuta usio na mlango. Tumerudi kule kwa mtoto anayecheza na barua pepe zake, ila safari hii ni taifa zima linalocheka.

Picha zenyewe pia zinachakaa humo. Muundo wa JPEG huigawa picha katika miraba ya nukta nane kwa nane, kisha kwa kila mraba hutupa vile vitu vidogovidogo ambavyo jicho halivitambui haraka. Programu ya kutuma ujumbe ikiibana picha upya, mtu akaipiga skrinshoti, mwingine akaikata na kuituma tena, utupaji huo hurudiwa. Baada ya safari kadhaa maandishi yana ukungu na nyuso zina miraba. Waliokuwa wakinakili kaseti kutoka kaseti nyingine wanaujua mchezo huu. Ukungu huo ni ushahidi pia: mimu iliyochakaa imetembea sana. Watu wanaopakia "toleo safi" kwa nia njema wanaufuta.

Halafu kuna jambo ambalo wapenda zilipendwa hawalipendi. Mwaka 2002 kijana wa shule huko Quebec, Ghyslain Raza, alijirekodi akicheza peke yake kama mpiganaji wa Star Wars. Wanafunzi wenzake wakaiweka video mtandaoni mwaka uliofuata, dunia ikacheka, naye akadhihakiwa mpaka akaacha kwenda shule. Familia yake ilifungua kesi iliyoisha kwa makubaliano mwaka 2006. Miaka kumi baada ya video kusambaa alijitokeza kuzungumza mwenyewe hadharani, lakini hiyo ilikuwa hiari yake, na ilichukua miaka kumi. Fikiria stika zilizoko kwenye simu yako sasa hivi: yule mzee aliyesinzia kwenye daladala, yule mtoto anayelia kwa sherehe. Nani aliwauliza? Mwaka 2014 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtu anaweza kudai injini ya utafutaji iondoe viungo vinavyomhusu, ukurasa wenyewe ukabaki. Hiyo ni njia ya katikati ambayo hifadhi inaweza kujifunza: kutunza bila kuonyesha, kufungua baada ya miaka mingi, kumsikiliza mwenye sura akija kulalamika. Mimi sikubaliani na wanaotaka kila kitu kiwe wazi mara moja kwa jina la historia. Sikubaliani pia na kufuta, kwa sababu tukifuta stika ya mzee wa daladala tunafuta na ushahidi kwamba tulimcheka.

Kwa kuwa roboti haiwezi kuingia kwenye magrupu, kilichobaki ni watu kutoa kwa hiari, kama familia zinavyotoa barua za babu. Ukiwa na simu ya zamani kabatini, mafaili yake ndiyo hifadhi. Lakini picha elfu tatu zisizo na neno lolote ni mzigo kwa mtunzaji. Zile hamsini ulizoziandikia mwaka, grupu la aina gani (la ukoo, la kazini, la darasa), lilikuwa limetokea nini wiki ile, na utani ulikuwa wapi, hizo zinafanya kazi. Andika hata linaloonekana wazi kabisa. Mtu anayesoma mwaka 2060 ataona mwanamume mwenye afro akimtupa mhuni chini, na chini yake neno moja, Makmende. Kamusi haitamsaidia, na filamu ya 1983 hatakuwa na sababu ya kuifikiria.